Acheni kukata ncha ya ethi kwenye plagi za amplifaya: mnatuchezea roho

Wanajamvi, naandika nikiwa na hasira, na sitaki kuificha. Nimekuwa fundi mitambo wa muziki kwa miaka mingi, na kila mwaka nakutana na plagi iliyokatwa ncha ya ethi, ile inayopeleka umeme wa hitilafu ardhini, kwa makusudi, au iliyozibwa vibamba vyake vya ethi kwa utepe mweusi, eti ili spika zisivume. Wiki iliyopita jambo hilo nusura limuue mwimbaji mbele ya macho yangu.

Tulikuwa kwenye majaribio ya sauti. Mwimbaji alikuwa amevaa gitaa lake la umeme, mkono wa kushoto ukiwa umekamata nyuzi, akasogea kwenye maikrofoni kuimba mstari wa kwanza. Midomo ilipogusa wavu wa maikrofoni nilisikia mlio mfupi kwenye spika, kisha nikamwona amerushwa nyuma akishika mdomo. Kwenye mdomo wa chini palikuwa na doa dogo jeupe, kama mahali palipoguswa na ncha ya sindano ya moto. Nilizima kila kitu. Baada ya kuwaondoa watu wote jukwaani niliwasha upya, nikachukua mita, nikaweka ncha moja kwenye wavu wa maikrofoni na nyingine kwenye nyuzi za gitaa. Ilisoma volti 112.

Niliifuata amplifaya ya gitaa hadi kwenye plagi yake. Ncha ya ethi ilikuwa imekatwa kwa msumeno, na aliyeikata alikuwa na muda wa kutosha hata akapitisha tupa ili ukingo usikwaruze mkono. Nilipomwuliza aliyekodisha mtambo, alinijibu kwa utulivu kwamba ilikuwa inavuma, kwamba mafundi wote hufanya hivyo, na kwamba ameitumia miaka mitatu bila mtu yeyote kuumia.

Nataka tulichambue jibu hilo la miaka mitatu, kwa sababu ndilo linalowadanganya wengi. Amplifaya ile huunganishwa na miksa kwa waya wa sauti unaotoka mgongoni mwake, na ganda la nje la waya huo, lile la kuzuia kelele, hugusa bodi ya amplifaya, yaani kasha lake la chuma, upande mmoja na bodi ya miksa upande wa pili. Maana yake ni kwamba kwa miaka yote hiyo amplifaya ilikuwa inapata ethi ya kuazima kupitia uzi mwembamba wa sauti ambao haukutengenezwa kubeba umeme wa hitilafu, na ambao ungeweza kuungua siku ambayo laivu, yaani waya wenye umeme, ingegusa bodi. Siku yetu hatukutumia waya huo. Tuliweka maikrofoni mbele ya spika ya amplifaya, kama inavyofanyika kila siku katika kazi hii. Ethi ya kuazima ikaondoka, na kwa kuwa nyuzi za gitaa zimeungana na bodi ya amplifaya kwa waya wa gitaa, na maikrofoni inapata ethi kupitia miksa, njia pekee iliyobaki kati ya bodi ya amplifaya na ethi ya kweli ikawa ni mkono, kifua na midomo ya yule dada.

Aliponea kwa sababu umeme uliompata ulikuwa umepitia kapasita ndogo za kichujio, vipande vya kupunguza kelele za umeme, zilizomo ndani ya amplifaya, na kapasita hizo hupitisha mkondo mdogo sana, kwa kawaida chini ya miliampia moja. Kapasita hiyohiyo ikifa kwa kugusanisha, au waya wa laivu ukichubuka na kugusa bati, bodi nzima inapata volti 230 na hakuna kinachoupunguza mkondo isipokuwa mwili wa mtu. Miliampia 10 hadi 20 zinatosha kukaza misuli ya mkono usiweze kuachia ulichoshika, na kuanzia miliampia 50 hivi, zikipita kifuani, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Msiniambie kuhusu fyuzi. Fyuzi ya ampia 13 haitajua kwamba kuna mtu anakufa kwa sehemu ya kumi ya ampia moja. Kazi ya waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ni kuuvuta umeme wa hitilafu kwa wingi kiasi kwamba fyuzi ikatike papo hapo, kabla mtu hajagusa chochote. Mkiukata, hitilafu inakaa kimya ikimsubiri mtu.

Wala haya si mambo ya kufikirika. Les Harvey, mpiga gitaa wa kundi la Stone the Crows, alikufa jukwaani mjini Swansea tarehe 3 Mei 1972 baada ya kugusa maikrofoni iliyokuwa na umeme. Mei 1976, Keith Relf, aliyekuwa mwimbaji wa Yardbirds, alikufa nyumbani kwake akipiga gitaa la umeme ambalo ethi yake haikuwa sawa. Zaidi ya nusu karne imepita tangu kifo cha kwanza kati ya hivyo viwili, na bado kuna watu wanaosaga ncha za plagi kwa tupa.

Mvumo wenyewe una chanzo kinachoeleweka. Vifaa viwili vyenye ethi zao vikiunganishwa tena kwa ganda la waya wa sauti, panatokea mzunguko, na tofauti ndogo ya volti kati ya soketi mbili zilizo mbali inasukuma mkondo kwenye ganda hilo, nasi tunausikia kama mvumo wa mara 50 kwa sekunde au mafungu yake. Huo ni ugonjwa wa waya wa sauti, na dawa yake iko kwenye waya wa sauti. Lisheni mtambo wote kutoka chanzo kimoja cha umeme. Tumieni kisanduku cha DI, kile cha kuunganisha ala na miksa, chenye transfoma na swichi ya kukata ethi, kwa sababu swichi hiyo inakata ganda la sauti peke yake na haigusi ethi ya umeme. Ndiyo maana mtengenezaji aliiweka hapo. Kama mna miksa na amplifaya zenye viunganishi vya pini tatu, tumieni nyaya za mizani, zile zenye nyuzi mbili za sauti ndani ya ganda. Katika kazi yangu sijawahi kukutana na mvumo ulioshindikana kwa njia hizi.

Na wekeni kifaa cha kukata umeme unaovuja, chenye kiwango cha miliampia 30, mwanzoni mwa waya unaolisha jukwaa. Lakini asitokee mtu wa kunijibu hapa kwamba akiwa nacho anaweza kukata ethi. Penye ethi nzima, kifaa hicho hukata mara tu hitilafu inapotokea. Pasipo na ethi, kinasubiri mkondo upite kwenye mwili wa mtu ndipo kishtuke.

Wanamuziki nao nawalaumu kidogo, kwa upendo. Mnahisi mwasho kwenye midomo au vidole, mnacheka, mnavalisha maikrofoni sponji na kuendelea. Mwasho huo ni taarifa. Simameni, mwiteni fundi, apime kati ya nyuzi na maikrofoni, na asiporidhika msiimbe. Kipimo hicho hakichukui hata dakika moja.

Kwa aliyetukodishia mtambo ule, ambaye najua anasoma jukwaa hili: nilikagua na zile amplifaya mbili nyingine ulizoleta, nazo zimekatwa vilevile. Amplifaya zote tatu nimezifunga waya zao za umeme na kuziandikia kwa kalamu nyekundu. Badilisha plagi kabla hujazitoa tena kwa mtu mwingine, na utakapofanya hivyo, njoo uandike hapa hapa kwenye uzi huu.