Niue: wapi pa kuogelea?

Wadau habarini, mwezi wa nane naenda Niue, kile kisiwa kidogo cha Pasifiki, na wife tukitokea Auckland, New Zealand, sasa nasikia kule hakuna bichi za maana, ni mawe matupu, je tutaogelea wapi?

Mzamiaji_Tanga: Ni kweli mkuu, kisiwa chote ni jiwe la matumbawe lililonyanyuka, lakini ndo raha yenyewe, nendeni Limu Pools, madimbwi ya asili pembeni ya bahari, na snokeli zenu (bomba la kupumulia majini), hakuna mto unaomwaga tope baharini so maji ni kioo. Mtakutana na nyoka wa baharini weusi kwa weupe, sumu anayo kali ila mpole, mwacheni apite zake.

dada_bahari: Matapa Chasm nayo usiikose, ufa kati ya majabali, zamani wafalme walikuwa wanaoga hapo, maji baridi hayo! Togo, ufa mwingine hapo hapo Niue (siyo ile nchi ya Afrika), mnashuka kwa ngazi ndefu, wife asivae ndala jamani, mawe yanakata kama wembe.

Mzamiaji_Tanga: Halafu Agosti ni msimu wa nyangumi, bukini boti ya kwenda kuwaona mapema, ila Jumapili sahau, watu wako kanisani.