Mjadala: Michezo ya shuleni iwe ya kila mtoto, au ibaki ya wachache waliochaguliwa?

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, naleta mbele yenu suala la unene wa watoto, ambalo kila linapotajwa hujibiwa haraka kwamba mikoa ya kusini bado inapambana na udumavu, kwa hiyo unene ni tatizo la watu wengine. Jibu hilo silikubali. Ni kweli kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na takwimu hiyo inaumiza. Lakini Shirika la Afya Duniani linauhesabu udumavu na unene uliokithiri kuwa ni sura mbili za utapiamlo, na vyote viwili huweza kukutwa katika nyumba moja ambamo watoto hushiba wanga huku mboga, kunde na samaki vikikosekana.

Wengine husema jukumu ni la mzazi peke yake. Sehemu ya mzazi ni kubwa, sikatai: chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko 9 vya chai, na kwa mtoto wa shule ya msingi hicho ni karibu kiwango chote cha sukari ya kuongezwa kinachoshauriwa kwa siku nzima. Hata hivyo, mama anayetoka Chikongola, hapa Mtwara mjini, alfajiri kwenda kutafuta riziki humwachia mwanawe hela ya saa nne, na mtoto hununua anachokikuta getini, yaani maandazi, mihogo ya kukaanga na barafu za rangi. Kumsema mama huyo katika kikao cha wazazi hakubadilishi kilichomo ndani ya beseni la muuzaji. Kamati ya shule ikikaa na wauzaji wenyewe, ndizi, machungwa, karanga na mihogo ya kuchemsha vitauzwa palepale, na hakuna atakayepoteza kipato chake.

Linalonisumbua zaidi ni michezo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazowafanya waheme na kutoka jasho. Mtoto wa kijijini Newala anayetembea kwenda shule na kuchota maji huzipata bila kuambiwa na mtu. Wa mjini hupelekwa kwa bodaboda, hukaa darasani mpaka mchana, huingia tuisheni, na jua likizama hukabidhiwa simu ili atulie. Rede, kombolela na kuruka kamba vinahitaji uwanja na muda, na vyote viwili tumewanyang'anya sisi watu wazima.

Shule nazo zimeufanya mchezo kuwa mchujo. Mwaka 2021 mkoa wetu wa Mtwara uliwapokea wanafunzi wa nchi nzima kwa mashindano ya UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari, na ilikuwa heshima kubwa. Mashindano hayo yana faida yake. Tatizo ni kwamba maandalizi yake huwa ndiyo michezo yote ya shule: wenye mbio huchaguliwa, wengine husimama pembeni kushangilia, na wa kwanza kuachwa ni yule mtoto mnene, ambaye tayari anaitwa bonge na wenzake, na wakati mwingine hata na mwalimu. Mtoto aliyeaibishwa uwanjani hujifunza kuukwepa uwanja, ilhali ndiye aliyeuhitaji kuliko wote, kwa kuwa uzito huo huweza kumletea shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili akiwa bado kijana.

Najua wazazi wanahofia mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na hofu hiyo ina msingi wake, kwani wengi wetu hatuna urithi mwingine wa kuwapa watoto isipokuwa elimu. Ndiyo maana siombi tuisheni ifutwe. Napendekeza alasiri mbili kwa wiki, kuanzia darasa la kwanza hadi la nne, ziwe za michezo kwa kila mtoto, bila kuhesabu mabao na bila mchujo, wasichana na wavulana, kwa kipira cha soksi ikiwa hakuna kingine.

Walimu wa michezo, ni kipi kinachozuia jambo hili katika shule zenu? Nanyi wazazi mnaolipia tuisheni kila wiki, mko tayari kuziachia alasiri hizo mbili?