Nusu marathoni Dar mwezi wa 11, mimi niko Njombe kwenye baridi: nishuke mapema au nizoee joto huku huku?

NjombeKwaMiguu
Wakuu, salaam. Mwaka jana nilishuka na basi Ijumaa, Jumapili nikaingia barabarani na mwendo wangu wa Njombe, 4:40 kwa kilomita. Mpaka ya 12 najiona bingwa. Ya 16 jua linawaka, mimi nasikia baridi mgongoni, vinyweleo vimesimama. Nilimalizia kwa kutembea, saa 2 na dakika 3. Safari hii nina njia tatu:
1. Kushuka siku 14 kabla. Lodji 25,000 kwa siku, chakula bado.
2. Kukimbia huku huku mchana, sweta na koti la mvua juu.
3. Kujilowesha maji ya moto baada ya mazoezi. Wenzetu wana sinki la kulala, mimi nina beseni.
Ipi?

Msasani_Alfajiri
Namba 1, hakuna mjadala. Siku 3 hadi 5 za kwanza maji ya damu yanaongezeka na mapigo ya moyo yanashuka. Jasho kuanza mapema, kuwa jingi na kupunguza chumvi, hilo linataka siku 10 hadi 14. Halafu Dar shida ni unyevu zaidi ya jua. Jasho linadondoka chini badala ya kukauka mwilini, na jasho lililodondoka halijakupoza chochote. Sweta la Njombe litakufundisha hilo?

Rift2400
@Msasani litamfundisha. Ndani ya koti la mvua mna unyevu kuliko huko kwenu. Ila asifanye kila siku: mbio nyepesi tu, dakika 45 hadi 60. Siku ya spidi avae singlendi, la sivyo anazoea joto na kusahau kukimbia. Na msidanganywe na picha za wakimbiaji wa Iten, Kenya, zile jaketi ni baridi ya asubuhi tu.

Tena joto halikwepeki kwa mazoezi pekee, mwendo lazima ushuke. Mashindano ya dunia Doha 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na usiku wa manane, bado nyuzi 32 na unyevu zaidi ya asilimia 70. Walianza 68, wakaachia njiani 28. Mkenya Ruth Chepngetich alishinda kwa 2:32:43, na Januari ya mwaka huo huo alikuwa amekimbia 2:17:08 Dubai. Dakika 15 hizo!

mzee_wa_kona
Simbu wetu je, bingwa wa marathoni ya dunia Tokyo 2025? Siku ile mbio zilianza nusu saa mapema kuliko ratiba kwa ajili ya joto. Akajificha kundini, akampiku Mjerumani kwenye utepe, wote 2:09:48. Wewe na 4:40 yako ulikuwa unamkimbilia nani?

NjombeKwaMiguu
😂 Mkuu umenipiga penyewe.

Muscat_baada_ya_Fajri
Namba 3 mnaidharau bure. Kuna watafiti wa Chuo cha Bangor, Wales, waliwakimbiza watu dakika 40 kwenye hali ya hewa ya kawaida, kisha maji ya nyuzi 40 mpaka shingoni, hadi dakika 40, siku 6 mfululizo. Kilomita 5 kwenye joto zikaboreka karibu asilimia 5. Mimi nafanya kila Mei kabla kiangazi cha huku hakijakaza. Dakika ya 20 ndipo unapotamani kutoka, na ukitoka shika ukuta, kichwa kinazunguka. Beseni halitoshi ndugu yangu, mwili lazima uzame.

mzee_wa_kona
Si apige nyungu tu?

nesi_wa_zamu
Nyungu inapoa kabla mwili haujapata joto la ndani, utabaki umeungua uso. Na kaka yangu, usije ukaingiza jiko la mkaa chumbani ukafunga mlango ili "kuongeza joto". Ile hewa ya mkaa inaua kimya kimya.

Ukiwa na homa au unaharisha, acha joto kabisa. Jipime uzito kabla na baada: umepungua kilo moja, ni takribani lita moja ya jasho. Ila usinywe mpaka uzito uzidi wa mwanzo, maji mengi kupita kiasi nayo yana madhara. Ile baridi ya mgongoni ilikuwa onyo. Hatua inayofuata ni kuyumba na kuongea hovyo, hapo mtu apozwe kwa maji ya baridi pale pale ndipo akimbizwe hospitali.

Rift2400
Usimalize mapema pia. Ukikaa wiki tatu bila joto, sehemu kubwa inakuwa imepotea.

NjombeKwaMiguu
Basi nachanganya. Wiki mbili kabla koti la mvua siku nne, kisha nashuka siku 7 za mwisho. Fundi anasafisha pipa la lita 200 la mafuta ya kula, kuni zipo, na mke wangu atakaa karibu anaangalia. Naanza na 5:05 kwa kilomita. Lodji nimefuta, shangazi wa Mbagala amekubali, sharti gunia la viazi.

Msasani_Alfajiri
Na parachichi, usisahau wana Msasani.