AI ofisini: mie ndo nimeshuka ama hesabu yenyewe ni mbovu?

bintiwaLikoni: Salaam jamani. Mie niko ofisi ya kliaring (kutoa mizigo forodhani) hapa mjini, mwaka wa 9 huu. Tangu bosi atulipie ChatGPT ati kila mtu afunge faili 12 kwa siku, zamani twafunga 7. Email za wateja nazitoa dakika 2, hapo sina neno. Lakini juzi kijana wetu mpya kaiuliza namba ya ushuru ya sahani za melamine ikampa 6912, ya vyombo vya udongo, naye kaibandika vilevile, mie naiona saa 11 jioni nshashika mkoba niwahi feri. Melamine ni plastiki yakhe, 3924! Kontena ingekwama na storeji, ada ya kukaa bandarini, yahesabu. Halafu ripoti ya mwezi yasema kijana kafunga 14 kwa siku, mie 8, ati nimeshuka. Kwenu mwapimwa vipi?

mzee_wa_hedifoni: Pole dada. Kuna utafiti wa kina Brynjolfsson, mwanauchumi wa kule Marekani, ulitoka 2023, wahudumu wa kastoma kea zaidi ya 5,000. Walopewa AI walimaliza kesi kama 14% zaidi kwa saa, lakini wageni ndo walopanda sana, 34%, wazoefu karibu palepale. Manake mashine ilifunzwa na mazungumzo ya hao hao wazoefu na wateja, yaani ujuzi wako wagawiwa watu na mshahara ni uleule 😂

kodi_na_kahawa: Na si lazima uwe mbio kweli. 2025 METR, shirika la kupima AI, walipima madevelopa (waandika programu) 16 wazoefu, na AI wakachelewa 19%, wenyewe wakidhani wameenda mbio 20%. Mie pia nlikuwa najidanganya hivo hivo hadi nlipoweka saa.

Mkaaji_Tudor: Bi dada andika kila kosa unalorekebisha na dakika zake, mpelekee bosi. Na hizo invoisi za wateja mwazibandika mle na majina yao? Sheria ya kulinda data hapa Kenya tunayo tangu 2019, msicheze.

bintiwaLikoni: Majina twayafuta... kwa kawaida 🙈 Daftari nshafungua, leo hadi saa 9 marekebisho 4, dakika 70, zote faili za watu wengine. Kijana simlaumu lakini, kaja kuniuliza melamine yatengenezwa na nini, hakuna alomfunza, na sasa kila saa nasikia "anti hebu angalia hii".