Tupeane uzoefu: Chipsi na kuku wa kununua unakula mara ngapi kwa wiki, zamani na sasa?

Kibarua wa Sinza:
Habari za jioni wakuu.

Mwezi uliopita tulibishana nyumbani. Nilisema chipsi mimi nakula mara moja kwa wiki, basi. Mke wangu akacheka, akachukua kalamu nyekundu, akasema kila siku utakayorudi na kifurushi au unanukia mafuta naweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Tarehe 31 tukahesabu: alama 14. Na hizo ni zile alizozinusa. Za mchana kazini hazimo.

Nikaanza kujiuliza nimefikaje hapa. Utotoni Morogoro chipsi zilikuwa za Idi, au mzee akipokea malimbikizo. Sahani moja, watoto watatu, kila mmoja na kijiti chake cha meno, na dada mkubwa ndiye refa wa nani kachoma mbili kwa mpigo. Mwaka 2006 nikaingia chuo, nikakaa Mabibo hosteli. Bumu (pesa ya mkopo wa wanafunzi) likitoka ni zege, yaani chipsi mayai, kila usiku, likikata tunachanga ugali maharage. Baadaye nikapanga geto Sinza, miezi minane sina hata jiko la mchina, kwa hiyo hapo nadhani ilikuwa kila siku. Nikaoa, nikategemea namba ishuke. Ilishuka mwaka mmoja tu.

Tupeane uzoefu. Ulianzia wapi, uko wapi, nini kilipandisha au kushusha? Msiseme "mara chache", tajeni namba.

Mkao wa Kula:
Nimekaa paleee na kachumbari yangu. Ngoja waje wenye namba.

Msee wa Kayole:
Huku Nairobi hatuhitaji kalenda, M-PESA inakuhesabu bila kuombwa. Mwaka jana nilitaka mkopo, nikaambiwa nilete taarifa ya miezi sita. Kichwani nilikuwa na jibu: mara mbili kwa wiki. Kupitia karatasi, till (namba ya malipo) ya duka moja la chipsi karibu na steji imetokea mara 93. Yule dada wa mkopo aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, hakusema kitu.

Sababu yangu ni foleni ya matatu. Saa moja jioni uko Tom Mboya, gari hakuna, nauli imepanda, harufu inakujia usoni. Utasimama na njaa kwa nini? Kipindi cha corona namba ilikuwa sifuri kabisa, maana nilikuwa nafanyia kazi nyumbani na usiku hakuna kutoka. Nilijifunza hadi kupika githeri. Amri ilipoondolewa Oktoba 2021, githeri nikaisahau wiki hiyohiyo.

Halafu mnakumbuka Januari 2022 KFC ya Kenya ilipoishiwa chipsi, kwa sababu viazi vyao vilikuwa vinatoka nje na meli zimechelewa? Watu walichemka mtandaoni, wakauliza viazi vya Nyandarua vina kasoro gani. Mimi nilikuwa kwenye foleni yangu ya chipsi za mtaani, za viazi vyetu vya Shangi, sikujua hata kama kuna shida.

Mama Wawili Tanga:
Samahani wakuu, mnachanganya mafaili. Chipsi za banda ni kitu kimoja, na ile migahawa yenye viyoyozi na kuku wa kwenye ndoo ni kitu kingine. Ile mimi naenda mara mbili kwa mwaka tukiwa Dar, siku za kuzaliwa za watoto, tena wanakula kidogo wanakimbilia kupiga picha. KFC yenyewe imeingia Tanzania 2013 tu, wengi wetu hapa tulikuwa watu wazima tayari.

Na kama mnahesabu za banda, kachori na mihogo ya kukaanga mnaiweka wapi? Mwanangu wa pili anakula mihogo getini shuleni siku tano kwa wiki. Nikimuuliza umekula nini ananiambia "sijala kitu".

Mchoma Chipsi:
Kalenda yenu ni mimi hapa. Nimesimama kwenye karai tangu 2009, Temeke, na ninawahesabu wote hata msipojua.

Kuna kaka mmoja ananunua zege kila siku ya kazi. Kila siku ananiambia "leo nimechelewa tu, wife kashapika wakala mapema". Miaka minne anachelewa. Kuna nyumba nyingine haji mtu, inakuja bodaboda ileile na oda ileile: kavu (chipsi tupu) mbili, mishkaki sita, pilipili kwa mbali. Tarehe 25 mpaka tarehe 5 mnakula kuku. Kuanzia tarehe 10 kuku wanabaki kwenye kabati la kioo wananiangalia, mnataka kavu tena mnaomba niongeze kidogo. Ramadhani mchana banda linalala, lakini baada ya tarawehe nahitaji msaidizi.

Bei. Nilianza na zege 1,500, leo nauza 3,000. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda, dumu la lita 20 lilinitoa jasho. Nikipandisha bei wanahamia kwa jirani, kwa hiyo nilipunguza chipsi na sahani nikaiacha ileile. Ngoja niseme na lingine kwa kuwa humu hamnijui: mafuta niliyokuwa nabadilisha kila siku ya tatu, kipindi kile niliyafikisha siku ya tano. Yanakuwa rangi ya chai ya rangi, yanatoa povu, na kiazi kinatoka cheusi pembeni huku ndani hakijaiva. Wateja hawakupungua hata mmoja. Aliyeacha kula chipsi zangu ni mimi mwenyewe. Sasa hivi nimerudi siku tatu, na mimi nimerudi kula, Jumapili tu.

Kibarua wa Sinza:
@Mchoma Chipsi una uhakika uko Temeke? Huyo kaka wa kuchelewa ananipa wasiwasi.

Dada wa Minnesota:
Nilifika Minneapolis 2011. Kazi mbili za kuhudumia wazee, usiku nyumba moja, asubuhi nyingine, katikati nina dakika 40 ndani ya gari. Lile dirisha la kununulia bila kushuka ndilo lilikuwa jiko langu. Siku sita kati ya saba, na ya saba ni kwa sababu nilikuwa nimelala.

Wenzetu haya mambo wanayahesabu kiserikali. Takwimu za CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, za 2013 hadi 2016 zilionesha kwamba kwa siku yoyote ile, karibu watu wazima 37 kati ya 100 wamekula chakula cha namna hiyo. Niliona ni wachache, kazini kwangu tulikuwa wote. Kilichonishangaza ni kwamba wenye kipato kikubwa ndio waliokula zaidi, mimi nilidhani ni sisi wa zamu mbili. Vijana pia waliwapita wazee, hiyo sikushangaa.

Mama yangu alikuja kututembelea tukampitisha dirishani, tukala tukiwa tunaendesha. Akauliza, "Mbona mnakula kama mko safarini?" Niliumia, lakini sikuacha wiki ile. Niliacha nilipopata mtoto na kazi ikabaki moja. Sasa ni Jumamosi tu, baada ya mechi ya mwanangu, na bei zenyewe siku hizi hazikuiti. Burger ya dola moja niliyoizoea siioni tena.

Presha ya Kupanda:
Mimi tano, sasa moja. Umri 38, kwenda kupima malaria nikakutwa na presha 160 kwa 100. Daktari hakugusa habari ya chipsi, aliniuliza naweka chumvi kabla ya kuonja au baada. Nikanyamaza. Akaniambia WHO wanataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ni pamoja na iliyopikiwa. Mimi kopo la chumvi la banda nilikuwa nalitikisa kama njuga. Kuacha chipsi haikuwa kazi. Kazi ni kupita pale kijiweni saa mbili usiku washkaji wananiita kwa jina.

Mngoni Halisi:
Sifuri. Chipsi zinanipa kiungulia. Mimi na wali maharage wa mama ntilie, kila mchana, mwaka wa 11 huu.

Mkao wa Kula:
@Mngoni Halisi sasa hiyo ndiyo sifuri gani mkuu? Tangu lini mama ntilie akawa nyumbani kwenu?

Mngoni Halisi:
Ananijua mpaka jina la mwanangu wa kwanza. Nyumbani ni nini kwani?

Kibarua wa Sinza:
Mrejesho wakuu. Leo tarehe 9 nina alama mbili tu, najikaza. Ila jana nilirudi mapema bila kutoa taarifa. Jikoni kusafi, sufuria hazijaguswa, watoto wameshalala. Kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya vitunguu, kuna karatasi imelowa mafuta na vijiti vya meno vitatu.

Sijauliza kitu. Nimekwenda kwenye kalenda na kalamu ya bluu.