MREJESHO: Magugu kwenye dengu, shamba la mbuga (udongo mweusi wa mfinyanzi), Kwimba, Mwanza

Wakuu, asanteni. Niliuliza jinsi ya kuzuia magugu yanayobana dengu. Nimefuata ushauri wa kupanda kwa mstari, sentimita 30 kwa 10, na kupalilia wiki ya 3 hadi ya 4, kisha ya 6 kabla maua hayajachanua. Magugu ya majani mapana yamekwisha, na maganda yamejaa kuliko kipande kilichomwagwa mbegu ovyo.

Pendimethalini, dawa ya magugu niliyopiga baada ya kupanda kabla mbegu hazijaota, imesaidia nusu tu: udongo wa juu ulishakauka, na dawa hiyo inataka unyevu. Ndago, gugu lenye vinundu ardhini, ndiyo kwanza inashamiri. Haiisikii dawa hiyo kabisa, inabidi ichimbuliwe pamoja na vinundu vyake. Aliyependekeza 2,4-D, dawa ya kuua magugu ya majani mapana: hapana mkuu, inaua hata dengu.