Mawasiliano na chombo kinachokaribia mwendokasi wa mwanga

Swali
Wanajukwaa, naombeni ufafanuzi. Tunaambiwa kwamba saa iliyomo ndani ya chombo kinachokwenda kwa asilimia 80 ya mwendokasi wa mwanga huchelewa ikilinganishwa na saa za Dunia. Ikiwa Dunia inatuma ujumbe mmoja kila siku, je, wasafiri hawatapokea zaidi ya mmoja katika siku yao? Tena inasemekana kwamba wao nao huona saa zetu ndizo zinazochelewa. Yote mawili yanawezaje kuwa kweli?

Jibu la kwanza
Ndugu muulizaji, hesabu yako imeacha safari ya ujumbe wenyewe. Chombo kinapoondoka, kila ujumbe hulazimika kukifuata mbali zaidi kuliko uliotangulia, na ucheleweshaji huo ni mkubwa kuliko athari ya saa. Kwa mwendo ulioutaja, wasafiri watapata ujumbe mmoja kila baada ya siku 3 zao, na wakituma wa kwao kila siku, sisi pia tutaupata kila baada ya siku 3 zetu. Kila upande ukiondoa muda uliosababishwa na umbali kuongezeka, utakuta saa ya mwenzake inakwenda kwa uwiano wa 3 kwa 5, na hakuna aliyekosea.

Jibu la pili
Usawa huo huvunjika pale chombo kinapogeuka, na kwangu hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili. Tuseme nyota iko umbali wa miaka nuru 8, yaani umbali ambao mwanga huusafiri kwa miaka 8. Wasafiri huenda kwa miaka 6 ya saa yao wakipokea habari za miaka 2 tu ya Dunia. Wakishageuka, hupokea ujumbe 3 kila siku, hivyo miaka 6 ya kurudi huwaletea habari za miaka 18. Jumla ni 20, ilhali wao wamezeeka kwa miaka 12. Dunia, kwa upande wake, huendelea kupata habari za mwendo wa kwenda hadi mwaka wa 18, kisha za safari nzima ya kurudi humiminika ndani ya miaka 2.

Jibu la tatu
Mawimbi yenyewe hubadilika vilevile: redio iliyorushwa kwa gigahezi 8.4 ingepokelewa kwa gigahezi 2.8 wakati wa kwenda. Hata mwendo wa kilomita chache kwa sekunde una uzito. Mwaka 2000 wahandisi waligundua kwamba kipokezi cha Cassini, chombo kilichokuwa safarini kwenda sayari ya Zohali, kisingeweza kufuata badiliko la namna hiyo katika data za Huygens, chombo kidogo kilichobebwa nacho, wakalazimika kubadilisha njia ya Cassini kabla Huygens haijatua Titan, mwezi wa Zohali, mwaka 2005.